Hesabu Nyuma ya Pazia

"Hapana Mwalimu, hilo mie silikubali. Unasema atatoka siku yake ikifika. Haya, ikifika siku yake na mtihani umeshapita, tutamwambiaje? Aombe atungiwe mwingine wa peke yake?"

Nilimjibu hivyo nimesimama, kikombe cha chai mkononi, na ofisi nzima ya walimu ikanigeukia.

Niliyekuwa nabishana naye ni mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mtu mzima, mwenyeji wa hukuhuku Mbagala. Ndiye aliyenifundisha kusoma nilipokuwa darasa la kwanza, kwenye shule hiyohiyo. Mwaka ule ndio nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, wa kwanza kazini, nikapangiwa nirudi kufundisha nilikosomea. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, na kila asubuhi aliitikia marahaba huku ananitazama kola na kucha, kama vile bado tuko mstarini na yeye ndiye mwalimu wa zamu.

"Kaa chini kwanza," akaniambia. "Chai hainywewi wima."

"Sina haja ya kukaa."

"Haya. Ikikumwagikia, usije ukalia. Gauni lenyewe la mitumba, bado lina harufu ya meli."

Wenzetu wakacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa na mwanafunzi amepotea, na wao wanatania gauni.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa msichana wa darasa la saba. Mie ndio nilikuwa nawafundisha hesabu, si kwa sababu nilikuwa bingwa, ila mwalimu wa hesabu aliyekuwepo aliacha kazi akaenda kuuza viatu vya mitumba Kariakoo. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anafungua genge au kibanda, na waliobaki na chaki tulikuwa tunatazamwa kama watu waliochelewa kuamka. Mwalimu mkuu akatafuta nani atabeba hesabu za darasa la saba, wakubwa wote wakatazama dirishani. Mie mgeni nikatazama mbele. Nikapewa.

Huyo msichana alikaa karibu na dirisha lisilo na kioo. Hakuwa mtu wa fujo. Kidumu chake cha maji alikuja nacho, fagio lake la chelewa alikuja nalo, nguo safi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila nikiandika kanuni ubaoni, mkono juu.

"Kwa nini, mwalimu?"

Wenzake walikuwa wananung'unika nyuma, "Ah, kashaanza huyo." Wao walitaka kanuni, wanakili, waende kucheza rede. Yeye alitaka kujua kanuni imetoka wapi. Kuna siku alinifanya nilale na swali lake, maana na mie chuoni nilinakili tu. Asubuhi nikamjibu, akatikisa kichwa taratibu, akaandika. Basi, siku hiyo nilitembea shuleni kama mtu aliyeshonewa nguo mpya. Kama kulikuwa na mtu mmoja kwenye darasa lile wa kwenda sekondari, alikuwa yeye.

Halafu akaacha kuja. Nikadhani malaria. Naita mahudhurio, jina lake likifika, kimya. Mwishowe nikauliza yuko wapi. Wasichana wakatazamana. Mvulana mmoja akajibu kwa sauti, "Yuko ndani, mwalimu. Ameshakuwa mkubwa." Wavulana wote kicheko.

"Mshenzi wewe!" msichana mmoja akamrushia kipande cha chaki. "Una adabu wewe?"

Nikaelewa. Nimekulia Temeke, siwezi kusema sijui. Sie kwetu Bukoba, baba alikuja kufanya kazi bandarini nikiwa mdogo, lakini majirani zetu walikuwa Wazaramo na ngoma zao nilizisikia tangu utotoni. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anaitwa mwali. Anapewa mwanamke wa kumfunda, ndiye somo wake. Haonekani, hasikiki, mpaka siku ya kutolewa, watu wacheze, apambwe, abebwe mabegani. Zamani walikaa ndani muda mrefu kabisa. Siku hizi familia nyingi zinangoja likizo, mambo yanaisha, mtoto anarudi shule. Sasa huyu alikuwa akilelewa na bibi yake, na bibi hakuwa na habari na likizo.

Ndio hayo tuliyokuwa tunabishania.

"Nitakwenda ofisi ya kata," nikasema. "Waje na mgambo. Mtoto wa shule ni mtoto wa shule."

Mwalimu wangu akaweka kikombe chake chini. Hakuwa anatania tena.

"Peleka mgambo," akasema. "Kesho yake mtoto yuko Mkuranga kwa ndugu zao. Humwoni wewe, wala huo mtihani haumwoni. Unawajua wale? Mie nawajua. Niliwekwa ndani, nikatoka, nikawa mwalimu, nikakufundisha wewe a e i o u. Nilikufa?"

"Wakati wenu haukuwa wakati huu."

"Wakati wetu!" Akawageukia wengine. "Mnamsikia? Nimeshakuwa wa enzi za kale."

Mwalimu mkuu akapitisha kichwa mlangoni. "Jamani, msiniletee ugomvi na wazazi. Madawati yenyewe wametuchangia wao."

"Basi nitakwenda nyumbani kwao mwenyewe," nikasema. "Leo."

"Nenda, mwanangu," akasema mwalimu wangu. "Ila alipo hutafika."

"Kwani kuna kufuli?"

"Hakuna hata mlango. Kuna pazia."

Nikaona ananidharau. Nikaiacha chai yangu mezani nusu kikombe, nikaenda darasani kufundisha eneo la duara kwa hasira.

Mchana, watoto walipotawanyika, nikashika njia ya kuelekea Chamazi. Wakati ule upande ule ulikuwa bado mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kuanza na elimu ni haki, kisha nizungumzie maisha ya mbele, kisha mtihani. Nilikuwa najiona nimeiva kabisa.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, nusu mabati nusu makuti. Bibi alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Wa kwenu hawajambo? Kaa kwenye jamvi."

Nikakaa. Nikamwambia mie ni mwalimu wa hesabu. Akasema ananijua. Akaendelea kusuka.

"Siku ya mvua ile nilimletea mjukuu wangu kanga ajifunike," akasema. "Nikafika mpaka mlangoni kwako. Ukaniambia, bibi, subiri nje, wazazi hawaingii darasani. Nikasubiri nje."

Kweli nilimwambia hivyo. Ndiyo sheria ya shule. Nikamjibu kuwa ndio utaratibu, watoto wasivurugwe.

"Utaratibu," akasema bibi. "Vizuri."

Nikaanza yale niliyoyapanga. Elimu ni haki. Bibi akaitikia, ndiyo. Maisha ya mbele. Ndiyo, mama. Mtihani. Ndiyo. Kila nikisema anaitikia, na vidole vyake havikosei hata ukindu mmoja wa ule ukili. Ilikuwa kama kufundisha darasa linaloitikia "Ndiyo mwalimuuu" na hakuna aliyesikia. Mie sina subira na kitu kama hicho. Nikasimama.

"Basi bibi, niruhusu nimwone mara moja tu. Nimpe kazi, niondoke."

Ukumbini, upande wa kushoto, palikuwa na chumba, na mlangoni limening'inia pazia la kanga kuukuu. Nikapiga hatua kuelekea pale. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa nafikiri mie ni mwalimu.

"Simama hapohapo!"

Sikujua bibi mzee kama yule ana sauti ile. Na kabla sijageuka, pazia likasogea, akatoka mwanamke mnene wa makamo, kajifunga kanga kifuani, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Huyo ndiye somo.

"Umechezwa wewe?" akaniuliza.

"Nini?"

"Nakuuliza umechezwa? Uliwekwa ndani? Ulifundwa?"

"Hapana," nikasema, na nikasema kwa kujivuna kidogo. "Mie nimesoma."

"Na huyu humu ndani anasoma," somo akajibu. "Asiyechezwa haingii. Hata angekuwa mke wa waziri. Kwetu sie wewe bado mtoto, na watoto hawaingii kwa mwali."

"Mie nina miaka zaidi ya ishirini!"

"Hata ungekuwa na mvi. Nyie watu wa Bukoba mkiona mlango mnataka kuingia tu, hata hamuulizi nyumba ya nani." Akacheka, bibi naye barazani akacheka kidogo, na mie nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi na mkoba wangu. Hakuna aliyekuwa ananitukana. Ndio kitu kilichonichoma. Walikuwa wananipa sheria yao kwa upole uleule niliompa nao bibi sheria yangu siku ya mvua.

Nikarudi jamvini. Nikawa natafuta viatu vyangu niondoke, moja kwa moja ofisi ya kata, liwalo na liwe. Ndipo nikasikia mnong'ono ndani. Somo akarudi nyuma ya pazia. Akakaa kidogo. Akatoka, kakunja uso kama mtu aliyebebeshwa kitu asichokijua uzito wake.

"Anauliza," akasema, "ile ya kugawanya sehemu kwa sehemu, mmeshaifanya?"

Nikasahau viatu. "Tumeshaifanya. Juzi."

Akaingia. Akatoka. "Inafanywaje?"

"Mwambie sehemu ya kwanza aiache ilivyo. Ya pili aigeuze, ya juu iende chini, ya chini iende juu. Halafu azidishe."

"Taratibu! Ya kwanza?"

"Aiache."

"Ya pili?"

"Aigeuze."

"Aigeuze, halafu azidishe." Akaingia anajisemea njia nzima, aiache, aigeuze, azidishe, kama mtu anayekimbilia dukani asisahau alichotumwa. Ndani nikasikia kicheko chembamba kimezibwa na kiganja. Nilikijua. Kilikuwa kicheko cha pale kwenye dirisha lisilo na kioo.

Somo akatoka tena. Safari hii aliegemea kizingiti.

"Sasa anauliza kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini aigeuze. Nimemwambia mwalimu amesema geuza, geuza. Hataki. Anasema lazima kuna sababu. Huyu mtoto hata tukimfunda yuko hivyohivyo. Nikisema mwanangu usifanye hivi, yeye: Kwa nini, somo? Ananitoa jasho humu."

Bibi barazani akasema, bila kuinua kichwa, "Alikuwa hivyo tangu ananyonya."

Nikajaribu. Nikachora kwenye vumbi kwa kidole, nikamweleza somo habari ya nusu na robo. Akasikiliza kwa adabu. Akaingia, akasema maneno mawili matatu, nikasikia akijichanganya, robo ikawa nusu, nusu ikawa nzima. Akatoka amechoka.

"Mama we, hilo la geuza nimelibeba. Hilo la kwa nini silibebi mie. Mlete mtu wa kulibeba."

"Nani, na mie hamtaki niingie?"

"Ni wewe tu huingii," akasema bibi. Sasa alikuwa ameweka ukili chini, ananitazama. "Sie hatuna ugomvi na shule. Aje aliyechezwa, ataingia, atakaa na mwali mpaka achoke. Hakuna mwanamke wa kwetu pale kwenu anayefundisha?"

Nilikikumbuka kikombe cha chai nilichokiacha mezani.

"Na siku ya mtihani, bibi? Atatoka?"

"Hilo halisemwi na mtu wa kupita njia," akasema. "Likiletwa na mtu wa kulileta, akakaa na somo wake, wakasemezana, kwa utaratibu, tutasikia. Likiletwa na wenye virungu, hatutakuwepo hapa."

Utaratibu. Neno langu mwenyewe kanirudishia, na hakulitia hata chumvi.

Nikaaga. Bibi akanipa mihogo miwili ya kwenda nayo, maana mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni wa namna yangu.

Nikarudi kwa miguu polepole. Ofisi ya kata iko njiani, nikapita mbele yake. Ilikuwa imefungwa, lakini nilijua kesho asubuhi itafunguliwa, na karani ataniandikia barua bila swali lolote, kwa sababu sheria iko upande wangu. Hilo sikulitilia shaka na mpaka leo silitilii shaka. Sikuona sawa, na bado sioni sawa, mtoto akose darasa kwa sababu mwili wake umefanya kitu ambacho miili yetu sote inafanya. Nilikuwa na haki. Sasa nikajiuliza, hiyo haki nikiibeba mpaka pale barazani pamoja na mgambo, itamfikia nani? Itakuta jamvi na ukili. Yeye atakuwa Mkuranga, hana hata dirisha la kusikilizia, na lile swali lake atakuwa anaiuliza miti.

Nilitaka ashinde yeye, au nilitaka nishinde mie? Asubuhi ile nilipokuwa nabishana ofisini, kwa kweli vilikuwa vimechanganyika, sikuweza kuvitenganisha. Nilipomsikia akicheka nyuma ya pazia vikaachana.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja, nyumba ya wapangaji wengi. Magharibi ile nikakaa uani kwenye kigoda, mihogo yangu inachemka, nikafikiria jibu la kwa nini. Ubaoni ningelichora. Kule hakuna ubao. Kunahitajika kitu ambacho mtu anaweza kuingia nacho kwa mwali bila somo kushtuka.

Kwenye sanduku langu nilikuwa na doti moja ya kanga, mama alinipa nilipoanza kazi, bado sijaikata. Nikaitoa. Nikaikunja katikati, ikawa nusu. Nikaikunja tena, ikawa robo. Nikaikunjua. Doti nzima ina robo nne. Ndio maana ukigawanya kitu kwa robo unakuta umekizidisha kwa nne, robo imegeuka. Na nusu ya doti je? Ina nusu ya hizo robo nne, ndizo mbili. Hakuna uchawi. Nikaikunja na kuikunjua mpaka mpangaji mwenzangu aliyekuwa anafua akaniuliza, "Mwalimu, unaiuza au unaivaa? Mbona huamui?"

Nikamwambia naisoma. Akatikisa kichwa, akaendelea kufua.

Sasa nilikuwa na jibu, nilikuwa na kitu cha kulibebea, nilikuwa najua na nani anaweza kupita lile pazia. Tatizo ni kwamba huyo mtu hesabu anaziogopa. Aliwahi kusema mbele yetu sote kwamba tangu chuoni hesabu zilimpita pembeni, na siku ile walipotafuta wa kubeba hesabu za darasa la saba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama dirishani. Itabidi nimfundishe. Mie, niliyeshikwa mkono naye kuandika herufi ya kwanza, nikae nimweleze nusu na robo. Na atakuwa na maneno. Atasema, leo wa enzi ana kazi? Na anaweza kukataa. Baada ya vile nilivyomjibu mbele ya watu, ana kila sababu ya kukataa.

Ofisi ya kata haina maneno. Ofisi ya kata ingekuwa rahisi zaidi.

Nikaikunja doti yangu vizuri, bila kuikata, nikaiweka juu ya mkoba nisije nikaisahau. Nikaamua hivi. Kesho asubuhi nitaamka kabla ya watu kuanza kugombea bafu, nivae gauni refu na kanga juu. Sitamngojea ofisini mbele ya wenzetu. Nitakwenda nyumbani kwake, kabla ya kengele, nipige hodi nisubiri nje mpaka niitwe. Nitamwamkia. Habari ya kata sitaigusa, wala habari ya nani alikuwa na haki. Nitamwambia kuna mtoto anauliza kwa nini na mie siwezi kuingia alipo, naomba anifikishie.

Na akinikaribisha chai, nitakaa chini kwanza.